Ada ya kutuma mzigo: pima mwenyewe kabla ya kusema umepigwa

Umekipata kitu mtandaoni, bei imekaa vizuri, umeshatoa na kadi ya benki, halafu unakutana na mstari wa mwisho: usafirishaji na ufungashaji. Mstari huo mmoja unaweza kuzidi bei ya bidhaa yenyewe. Hapo wengi wetu tunafunga ukurasa kwa hasira, au tunalipa huku tukinung'unika. Kote kuwili tunabahatisha tu, maana hatujui kama kweli tumeonewa.

Ubaya wa ada hii ni kwamba anayelipa siye anayechagua. Muuzaji ndiye anayeamua boksi la ukubwa gani, msafirishaji yupi, kwa kasi gani. Wewe unaletewa hesabu. Uingereza walikuwa na shida inayofanana na hii kabla ya 1840: kwa kawaida barua ililipiwa na anayeipokea, kwa umbali na idadi ya karatasi, mpaka mpango wa Rowland Hill, mwanamageuzi wa posta, ulipoleta stempu, mtumaji akalipa mwanzoni kwa kiwango kimoja kinachofuata uzito. Ununuzi wa mtandaoni umeturudisha kidogo kule nyuma. Dawa yake ni kuijua hesabu yenyewe, na si ngumu. Andaa mizani ya jikoni, futi ya kupimia na karatasi.

Hatua ya 1: Ilete ada yote mezani kabla ya kulinganisha bei

Weka kitu kikapuni, jaza anwani yako, nenda hadi ukurasa wa mwisho kabla ya kulipa, kisha simama hapo. Andika kila mstari peke yake: bei ya kitu, usafiri, ada ya kushughulikia oda, bima, kodi. Linganisha wauzaji kwa jumla iliyoandikwa chini kabisa ya ukurasa huo, kamwe usilinganishe kwa bei inayoonekana kwenye orodha ya matokeo.

Sababu ni hii. Orodha ikipangwa kuanzia bei ya chini, mwenye bei ndogo na usafiri mkubwa anakaa juu ya mwenzake aliyeandika ukweli. Zamani kulikuwa na kishawishi kingine tena: soko la mtandaoni la eBay lilikata kamisheni kwenye bei ya bidhaa peke yake, basi wajanja wakauza kitu kwa senti chache na kilichobaki wakakipakia kwenye posta. Mwaka 2011, Marekani, eBay ikaanza kukata kamisheni hadi kwenye gharama ya kutuma. Etsy nayo ikafanya hivyo 2018. Ujanja ulipungua, haukufa.

Ukiwa kwenye ukurasa huo, tazama vikasha vilivyotiwa tiki bila wewe kuvigusa, hasa cha bima. Katika Umoja wa Ulaya, sheria ya haki za mlaji ya 2011 inakataa malipo ya ziada yanayopatikana kwa tiki iliyowekwa tayari, na mnunuzi aliyetozwa hivyo ana haki ya kurudishiwa. Sheria hiyohiyo inasema mzigo ukipotea njiani kabla hujaushika, hasara ni ya mfanyabiashara, isipokuwa pale msafirishaji umemchagua wewe mwenyewe nje ya wale aliokupa muuzaji. Uingereza ina kanuni ya namna hiyo katika sheria yake ya 2015. Kwa hiyo mnunuzi wa huko anayelipia "bima ya usafiri" mara nyingi anamkatia bima muuzaji. Soma kanuni za unakoishi ujue hatari inabebwa na nani, ndipo uamue kuhusu kile kikasha.

Hatua ya 2: Pata uzito wa mzigo, siyo wa bidhaa

Maelezo ya bidhaa mara nyingi yana uzito na vipimo, chini kabisa ambako hakuna anayesoma. Kama havipo, muulize muuzaji, au pima kitu kinachofanana nacho ulicho nacho nyumbani. Kisha ongeza kifungashio. Bahasha yenye vipovu vya hewa inaongeza gramu chache tu. Boksi la ukubwa wa boksi la viatu, pamoja na karatasi za kujazia, linaweza kuongeza robo kilo. Kitu cha kuvunjika kinataka zaidi ya hapo.

Usidharau hizo gramu. Viwango vya posta vinapanda kwa ngazi: mzigo ukivuka ngazi kwa gramu 5, unalipa ngazi nzima ya juu. Na ngazi si za uzito tu. Posta ya Uingereza tangu 2006 inaangalia pia ukubwa wa bahasha. Barua kubwa mwisho wake ni unene wa sentimita 2.5 na gramu 750, ukizidi kimojawapo umehamia kwenye vifurushi, na bei inaruka. Kitabu chembamba chenye jalada gumu kinaweza kubaki ndani ya kipimo hicho kikiwa kwenye karatasi, kisibaki kikishavishwa vipovu. Muuzaji aliyekifunga vizuri zaidi amekugharimu zaidi, na hajakuibia.

Hatua ya 3: Fanya hesabu ya uzito wa ujazo

Hapa ndipo lawama nyingi zinapowaangukia wasio na kosa, kwa hiyo tukae kidogo.

Ndege na lori hujaa nafasi kabla ya kujaa kilo. Ndiyo maana kampuni za usafirishaji wa vifurushi hupima mzigo kwa njia mbili, kwa mizani na kwa ujazo, halafu zinatoza kwa ule ulio mkubwa. Hesabu ya ujazo: urefu mara upana mara kimo, vyote kwa sentimita, gawa kwa 5,000. Jibu ni kilo. Kampuni nyingi za vifurushi vya haraka zinatumia 5,000. Mizigo ya kawaida ya ndege huhesabiwa kwa 6,000. FedEx na UPS zilianza kupima hivyo hata vifurushi vidogo vinavyosafiri kwa barabara ndani ya Marekani kati ya mwisho wa 2014 na mwanzo wa 2015. Kabla ya hapo vidogo vilikuwa vinasamehewa.

Mimi somo hili nililipia. Niliuza kivuli cha taa, kile kikofia cha kitambaa. Kwenye mizani, kikiwa na boksi na kila kitu, kilo 1.4. Nikaangalia bei ya kilo mbili, nikamwandikia mnunuzi, akalipa, nikafurahi. Kwenye kaunta ya msafirishaji, binti wa hapo akachukua futi badala ya mizani. Boksi lilikuwa 40 kwa 40 kwa 35. Zidisha: 56,000. Gawa kwa 5,000: kilo 11.2, na kwa kuwa wanapandisha hadi nusu kilo inayofuata, nikalipishwa kilo 11.5. Faida yote ilikwenda, na kidogo cha mfukoni juu yake.

Nyumbani nikakipima tena kwa kichwa. Kivuli chenyewe kilikuwa na upana wa sentimita 33 na kimo cha 27. Boksi la 36 kwa 36 kwa 30 lingekitosha, likabakiza nafasi ya kujazia karatasi pande zote. Hesabu yake ni 38,880, yaani kilo 7.8, zinazotozwa kama 8. Sentimita nne huku, tano kule, na zaidi ya kilo tatu za hewa zinatoweka.

Sasa geuza jambo hili likuhusu wewe mnunuzi. Kitu chepesi lakini kikubwa, kama mto, mwavuli wa studio, mdoli, ndoo au taa, kitakuwa na usafiri unaoonekana wa kichaa, na huenda ni halali. Kitu kidogo kizito, kama kufuli au mkufu wa chuma, hakina kisingizio hicho. Na boksi likifika ukaona kitu kimoja kidogo kinacheza ndani kama mbegu kwenye kibuyu, umelipia hewa. Piga picha ya boksi lililofunguliwa pamoja na futi, itakusaidia mbele.

Hatua ya 4: Tafuta bei ya msafirishaji

Posta na kampuni kubwa za vifurushi zina kikokotoo kwenye tovuti zao. Ingiza mji anakotumia muuzaji, mji wako, uzito (ule mkubwa kati ya miwili) na vipimo. Chagua huduma ileile uliyouziwa: kasi ileile, yenye kufuatiliwa au isiyofuatiliwa. Ukilinganisha usafiri wa siku mbili na ule wa wiki tatu utamlaumu mtu bure.

Ukishapata namba ya kufuatilia, isome. Mizigo inayopita kwa mashirika ya posta ya nchi na nchi ina namba ya herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ilikotoka. Herufi ya kwanza inasema aina ya huduma: E ni EMS, ile ya haraka, C ni kifurushi, R ni rejesta, U ni barua au pakiti ya kawaida isiyofuatiliwa. Ukiwa umelipia EMS na namba yako ikaanza na R au U, huna haja ya kubishana kuhusu gharama za boksi. Umelipishwa huduma moja, ukapewa nyingine.

Stempu au lebo ya bei iliyo juu ya mzigo nayo ni ushahidi, ila tumia kwa akili. Muuzaji anayetuma mizigo mingi ana mkataba na punguzo, na lebo yake huenda haina bei kabisa. Muuzaji mdogo anapanga foleni na kulipa bei ya kaunta kama wewe. Ndiyo maana duka kubwa linaweza kukutumia kitu kwa nusu ya gharama ya mama anayeshona mikoba sebuleni, na mama yule bado akawa anapata hasara.

Hatua ya 5: Mwongezee anachostahili

Boksi, utepe wa gundi, nailoni ya vipovu, lebo na wino wake ni fedha. Muda wa kufunga na safari ya kwenda posta vilevile. Kuna na makato yasiyoonekana: soko la mtandaoni linakata kamisheni juu ya jumla, usafiri ukiwemo, na kampuni ya malipo inakata asilimia yake juu ya jumla hiyohiyo. Muuzaji akikutoza kiasi kilekile alicholipa posta, ameshapungukiwa.

Basi haki ni kiasi gani? Mimi nina kipimo changu, na si sheria ya popote. Bei ya kikokotoo ikiongezewa kama robo, nalipa bila neno. Ikifika nusu juu yake, naangalia kitu chenyewe: sahani za udongo zinastahili, kava la simu halistahili. Ikifika mara mbili, nauliza. Kwa vitu vidogo sana kipimo hiki kinalegea, kwa sababu bahasha na utepe vinaweza kukaribia bei ya stempu.

Hatua ya 6: Jaribio la kitu cha pili

Ukiwa na muda wa kufanya jaribio moja tu, fanya hili. Weka kitu kimoja kikapuni, andika ada ya usafiri. Ongeza cha pili kutoka kwa muuzaji yuleyule, angalia tena. Ada ikipanda kidogo, kadiri ya ngazi ya uzito, muuzaji anafuata gharama. Ikiwa mara mbili kamili, kuna maelezo mawili: mfumo wake haujapangwa kuunganisha oda, au anapata faida kwenye posta.

Niliwahi kununua vifuniko vitatu vya lenzi kwa muuzaji mmoja. Nikatozwa usafiri mara tatu. Ikaja bahasha moja, nyepesi kama barua, vifuniko vyote vitatu vimefungwa mpira mmoja wa kubania. Niliiweka kwenye mizani kabla ya kuifungua: gramu 68. Kwa uzito ule hata ada moja tu ilikuwa ghali. Nikamwandikia, na ninauweka ujumbe wenyewe hapa kwa sababu umeshanisaidia mara kadhaa tangu siku hiyo:

"Habari za kazi, ndugu. Mzigo umefika salama, asante. Oda yangu ilikuwa ya vitu 3 na nilitozwa usafiri mara 3, lakini vimekuja kwenye bahasha moja ya gramu 68. Nimeambatanisha picha ya bahasha ikiwa kwenye mizani. Naomba unirudishie tofauti kati ya nilichotozwa na gharama ya bahasha moja pamoja na ufungashaji wake."

Hakuna matusi, hakuna neno "mwizi", kuna uzito na kuna ombi linalotekelezeka. Alirudisha ada mbili siku iliyofuata, bila hata salamu. Nikashukuru hivyohivyo.

Afadhali kuliko kudai baadaye ni kuomba mapema: kabla ya kulipa, mwandikie kwamba unataka vitu viwili na unaomba hesabu ya pamoja. Wengi hukubali, maana kwao pia ni kazi moja badala ya mbili.

Kuhusu "usafiri bure"

Hakuna posta inayobeba bure. Gharama imeingizwa kwenye bei, na hilo si kosa, kwani angalau unaona namba moja. Ila ukinunua vitu vinne vya "bure" kwa muuzaji mmoja, umelipa usafiri mara nne na hakuna mstari wa kuonyesha. Omba punguzo. Na ofa ya usafiri bure ukifikisha kiasi fulani ina hesabu yake fupi: ulichoongeza kikapuni ungekinunua hata bila ofa? Kama hapana, kilipie usafiri kile ulichokuja kukitafuta uende zako.

Hatua ya 7: Mzigo ukivuka mpaka

Nchi nyingi zinatoza ushuru wa forodha juu ya thamani inayojumlisha bidhaa, bima na usafiri. Marekani inahesabu bila usafiri wa kimataifa. Ukiwa kwenye nchi za kundi la kwanza, usafiri uliotiwa chumvi unakuumiza mara mbili: unaulipa, kisha unatozwa kodi juu yake. Kumbuka pia kwamba misamaha ya vifurushi vidogo inaondolewa. Umoja wa Ulaya ulifuta msamaha wa VAT kwa vitu visivyozidi yuro 22 tarehe 1 Julai 2021, na Marekani ilisitisha msamaha wake wa dola 800 kwa nchi zote mwishoni mwa Agosti 2025.

Kisha kuna ada inayowashtua watu mlangoni: msafirishaji amekulipia ushuru ili mzigo upite, sasa anataka fedha yake na malipo ya kazi hiyo. Hiyo haiendi kwa muuzaji. Muulize kabla ya kununua kama bei yake inajumlisha ushuru, na upate jibu kwa maandishi.

Usishangae kukuta kitu cha mbali kinatumwa kwa bei ndogo kuliko cha mji wa jirani. Mashirika ya posta hulipana kwa viwango vinavyopangwa ndani ya Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern mwaka 1874, na kwa miaka mingi viwango hivyo vilizipendelea baadhi ya nchi zinazotuma. Marekani ilitishia kujitoa kwa sababu hiyo, na mkutano wa Geneva wa Septemba 2019 ukafungua njia ya nchi zinazopokea mizigo mingi kupandisha viwango vyao. Muuzaji wa jirani hakuwa na mkono katika hayo.

Hatua ya 8: Kudai, na kurudisha

Hifadhi picha ya skrini ya ukurasa wa malipo kabla hujabonyeza. Mzigo ukifika, upime ukiwa haujafunguliwa, piga picha ya lebo na ya boksi. Anza na muuzaji, mpe siku chache, kisha peleka kwa soko alilouzia. Lalamika kuhusu kitu kinachopimika: huduma tofauti na uliyolipia, ada iliyorudiwa, mstari ulioongezeka bila kuonyeshwa. Lalamiko la "ghali mno" peke yake linaishia kapuni, kwa sababu bei uliiona ukakubali.

Kwa kurudisha bidhaa, soma masharti kabla. Katika Umoja wa Ulaya, anayebadilisha mawazo ndani ya siku 14 anarudishiwa bei pamoja na usafiri wa kawaida wa kuja. Kama alichagua wa haraka, tofauti hairudi. Gharama ya kurudisha kwa kawaida ni yake. Penye sheria isiyo na kifungu hicho, bei ndogo na usafiri mkubwa ni mtego: ukirudisha kitu unapewa ile bei ndogo tu. Kitu kikiwa kibovu, habari ni nyingine, usikubali kulipia posta ya kosa la muuzaji.

Na ukiwa wewe ndiye muuzaji

Pima kitu kikiwa kimeshafungwa, kwa mizani na kwa futi, kabla ya kutangaza bei. Andika uzito na vipimo vya boksi kwenye tangazo, taja msafirishaji, weka bei ya kitu cha pili. Nunua mabokisi ya ukubwa tofauti, au jifunze kulikata moja kwa kisu na kulipunguza kimo. Ni mikato minne kwenye pembe na mkunjo mmoja.

Tangu kile kivuli cha taa, kila tangazo langu lina picha ya mwisho ya boksi likiwa juu ya mizani, futi imelazwa pembeni. Swali la "mbona usafiri mkubwa hivi?" bado linakuja. Siku hizi najibu kwa kumwambia ashuke hadi picha ya tano.